Uzi: Kwa nini mwanafunzi anayejua maana ya "whole" bado huandika "hole"?

Mwalimu wa Kondele (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, nawasalimu kutoka Kisumu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa kuwa jambo lenyewe limenishughulisha juma zima na sitaki kulieleza nusunusu.

Jumatatu iliyopita niliwasomea wanafunzi wa kidato cha tatu imla ya Kiingereza. Sentensi ya nne ilikuwa "The whole village could see the lake from the hill", na wanafunzi wasiopungua kumi waliandika "hole" mahali pa "whole". Miongoni mwao alikuwamo msichana ambaye huongoza darasa katika somo hilo. Nilimwita mezani nikamwuliza tofauti ya maneno hayo mawili, naye akajibu papo hapo kwamba la kwanza ni shimo na la pili ni kitu kizima, akanitungia na mifano miwili isiyo na dosari. Kisha nikamwomba aisome sentensi aliyoiandika. Aliisoma kwa sauti mara mbili, kwa ufasaha, wala hakuliona kosa mpaka nilipoliwekea kidole.

Mwenzangu mmoja wa idara aliniambia kwamba huo ni uzembe, na kwamba dawa yake ni kuandika neno hilo mara mia. Ningalikubaliana naye, lau si tangazo nililolikuta ubaoni jioni hiyo, likiwataka wazazi walete "there children's report forms". Tangazo hilo nililiandika mimi, nikalisoma upya kabla ya kulibandika, nalo lilikuwa limekaa pale siku tisa. Nina miaka kumi na saba katika kazi ya kufundisha Kiingereza.

Kwa walioacha shule zamani: tunazungumzia homofoni, yaani maneno yanayotamkwa sawa ilhali maana zake ni mbalimbali na, katika Kiingereza, mara nyingi tahajia zake pia ni mbalimbali. Kiswahili hakina mzigo huu kwa kiasi hicho. Vitawe tunavyo, tena vingi: kaa huweza kuwa kiumbe cha pwani, kipande cha moto au tendo la kuketi, paa ni la nyumba na ni mnyama wa porini, mbuzi hufugwa na mbuzi hukunia nazi. Lakini vitawe vyetu huandikwa sawa kama vinavyotamkwa sawa, kwa hiyo jicho na sikio hupata taabu ileile na msaada uleule, ambao ni muktadha. Katika Kiingereza, anayesikia "nait" hajui kama ni usiku au ni askari wa farasi wa enzi za kale, ilhali anayeona "knight" amekwisha kuambiwa na herufi zenyewe. Kwa hesabu ya kawaida, basi, msomaji asingehangaika hata kidogo. Mbona anahangaika?

Nianze na sikio. Mwaka 1979 David Swinney alichapisha jaribio ambalo hufundishwa vyuoni hadi leo. Watu walisikiliza maelezo yenye neno "bugs", ambalo kwa Kiingereza ni wadudu na pia ni vinasa sauti vya majasusi. Maelezo hayo yalikuwa yamekwisha kutaja buibui na mende, hata asiwepo wa kudhani kwamba habari ni ya ujasusi. Neno lilipomalizika tu kutamkwa, herufi zilitokea kwenye skrini na msikilizaji akatakiwa aamue kama ni neno halisi. Walikuwa wepesi kulitambua "ant", kama ilivyotarajiwa. Ajabu ni kwamba walikuwa wepesi pia kulitambua "spy". Silabi tatu baadaye wepesi wa "spy" ulikuwa umetoweka na wa "ant" umebaki. Akili, kumbe, haikungoja muktadha uichagulie mlango. Ilifungua yote miwili, ikafunga usiofaa, na shughuli nzima ikaisha kabla mwenyewe hajajua kwamba palikuwa na milango miwili. Mwaka huohuo Tanenhaus na wenzake walionyesha jambo la namna hiyo kwa neno "rose": hata katika sentensi ambamo linamaanisha kuinuka, ua nalo huamka akilini kwa kitambo, na baada ya milisekunde 200 hivi limekwisha kulala tena.

Hayo ya sikio yanaeleweka, kwa sababu sikio halina njia nyingine. La jicho ndilo lililonishangaza. Mwaka 1987 Guy Van Orden aliwauliza watu maswali mepesi ya makundi: je, neno litakalotokea ni aina ya ua? Kisha likatokea "rows", yaani safu. Kwa maneno ya namna hiyo, watu walijibu "ndiyo" kimakosa katika asilimia 18.5 ya nafasi. Kwa maneno ya kulinganishia kama "robs", ambayo hukaribiana na "rose" kwa tahajia kiasi hichohicho bali si kwa sauti, walikosea asilimia 3 tu. Jicho lililetewa jibu mezani, nalo likaenda kuliuliza sikio.

Dai langu ni kwamba msichana yule hakukosa ujuzi wa tahajia wala wa maana. Alipoandika, sauti ilitangulia. Aliposoma, sauti ilitangulia tena, na sauti ya "hole" ilikuwa sahihi kabisa. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaofanya kazi na maneno, hata wasio walimu.

Mzee wa Section 58

Mwalimu, nimekusoma kwa makini hapa Nakuru na bado sijashawishika. Sisi tuliosoma miaka ya sitini tulifanyiwa imla kila Ijumaa, na aliyekosea alijua kilichokuwa kikimngoja. Makosa ya "there" na "their" yalikuwapo, lakini yalipungua kadiri mtu alivyosoma vitabu, jambo linaloonyesha kwamba dawa ni bidii.

Nina hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Majaribio hayo humwonyesha mtu neno moja pekee kwenye skrini na kumtaka ajibu upesi. Nisomapo gazeti asubuhi sitazami neno moja wala siulizwi maswali. Nimekaa kwenye kiti changu na chai yangu. Je, upo ushahidi kwamba sauti humwingilia mtu anayesoma kimya, kwa mwendo wake, maandishi yaliyo kamili?

Mwalimu wa Kondele

Swali lako, Mzee wangu, ndilo lililoulizwa na watafiti wenyewe, na jibu lilitafutwa katika mwendo wa macho. Macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama kidole; hutua, kwa kawaida robo ya sekunde hivi au pungufu, kisha huruka herufi saba hadi tisa na kutua tena. Yanapotua juu ya neno moja huwa yamekwisha kuanza kuchungulia neno linalofuata.

Mwaka 1992 Pollatsek, Rayner na wenzao walitumia uchunguliaji huo. Msomaji alipokuwa bado hajalifikia neno "beach", mahali pake paliwekwa "beech", ambalo ni jina la mti. Macho yaliporuka, kompyuta ilibadilisha herufi katikati ya mruko, wakati ambapo mtu haoni kitu. Wasomaji walilitambua "beach" kwa wepesi zaidi walipokuwa wamechungulia neno la sauti ileile kuliko walipochungulia neno lingine lililofanana nalo kwa umbo tu. Kwa hiyo sauti ya neno huanza kuvunwa hata kabla jicho halijatua juu yake.

Kuhusu vitabu kupunguza makosa, tunakubaliana. Anayesoma sana hujenga njia ya jicho ikawa imara. Lakini "kupungua" si "kukoma", na tangazo langu ni shahidi.

Mpiga Chapa wa Mahakamani

Nimefanya kazi ya kupiga chapa Nakuru kwa muda mrefu, hasa hati za viapo na mikataba, na naomba nizungumzie upande wa vidole, kwa sababu uzi huu unaelekea kusahau kwamba kuandika si kusoma kinyumenyume.

Mteja anapokuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nami nikainakili, makosa ya homofoni ni nadra. Anaposimama mbele yangu akanisomea kwa mdomo, makosa huongezeka. Anaponisomea huku simu yake ikilia na mwingine mlangoni akiuliza bei ya kunakili kitambulisho, ndipo ninapojikuta nimeandika "principle sum" katika mkataba wa mkopo, ilhali "principal sum" ni maneno niliyoyapiga mara elfu. Programu ya kusahihisha tahajia haisemi lolote, kwa sababu "principle" ni neno halali. Kosa la herufi iliyopotea huliona kwa haraka kwani huchoma jicho, lakini kosa la homofoni limevaa nguo safi.

Nilipata faraja niliposoma kuhusu utafiti wa Kifaransa uliochapishwa mwaka 1996 na Largy, Fayol na Lemaire. Kifaransa kina maneno mengi ambayo tamati zake huandikwa lakini hazitamkwi; "filtre" na "filtres" sikioni ni kitu kimoja. Watu wazima wenye elimu yao walisomewa sentensi ambazo neno la namna hiyo ni kitenzi, nao wakaziandika sawasawa. Walipopewa mzigo wa ziada wa kukumbuka maneno mengine wakati wa kuandika, walianza kuweka "s" ya wingi kwenye kitenzi kana kwamba ni nomino. Kanuni waliijua, kilichopungua ni nafasi akilini ya kuikagua sauti kabla haijashuka vidoleni. Nadhani ndivyo ilivyo kwangu: vidole hupokea amri kutoka kwa sauti ya ndani, na sauti hiyo haina tahajia. Mwenye tahajia ni mkaguzi aliyesimama kando, na simu ya mteja ikilia, mkaguzi ndiye wa kwanza kugeuza shingo.

Mzee wa Section 58

Mkaguzi huyo, binti yangu, ndiye tuliyekuwa tukimwita bidii. Lakini naendelea kusikiliza.

Tabibu wa Usemi, Kakamega

Shikamooni nyote mlionizidi. Kazi yangu ni tiba ya usemi na lugha, na wengi wa wagonjwa ninaowaona ni watu waliopatwa na kiharusi. Ningependa kuongeza ushahidi wa namna nyingine, kwa sababu ubongo ulioumia wakati mwingine huonyesha viungo ambavyo ubongo mzima huvificha.

Mwalimu amezungumza kana kwamba sauti hutangulia siku zote. Picha inayokubaliwa na wengi, na ambayo Max Coltheart ameieneza zaidi ya wengine, ni ya njia mbili zinazokwenda sambamba. Moja hugeuza herufi kuwa sauti, na kutoka kwenye sauti hutafuta maana. Nyingine hulitambua neno zima kwa sura yake, kama tunavyoitambua sura ya mtu bila kuhesabu macho na pua yake, na huenda kwenye maana moja kwa moja. Msomaji wa kawaida huzitumia zote mbili na hajui ipi imefika kwanza.

Mwaka 1973 John Marshall na Freda Newcombe walieleza wagonjwa ambao njia ya sura ilikuwa imeharibika na ya sauti imebaki. Mmoja wao alionyeshwa neno "listen", ambalo maana yake ni kusikiliza na ambalo "t" yake haitamkwi. Alilitamka herufi kwa herufi, likatoka "Liston", kisha akaeleza kwamba huyo ni bondia, kwa maana siku hizo Sonny Liston, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa akijulikana kila mahali. Tazameni mwendo wenyewe: herufi zikawa sauti, sauti ikawa maana, na maana ikawa ya neno jingine kabisa. Kwa mgonjwa wa namna hii "whole" na "hole" zinaweza kuwa kitu kimoja mpaka apewe sentensi.

Kinyume chake pia kipo. Marshall na Newcombe walikuwa wamekwisha kueleza mwaka 1966 habari za mtu aliyeonyeshwa "canary", jina la ndege mdogo wa kufugwa, akasoma "parrot", yaani kasuku. Sauti za maneno hayo hazikaribiani hata kidogo. Alifika kwenye mtaa wa maana akabisha nyumba ya jirani. Watu wa hali hiyo kwa kawaida hawawezi kusoma kwa sauti neno la kubuni, kwa sababu njia ya kugeuza herufi kuwa sauti imekatika.

Na kuna kisa cha zamani zaidi, kilichochapishwa mwaka 1892 na daktari wa Paris aitwaye Dejerine, cha mfanyabiashara aliyepoteza uwezo wa kusoma huku akisema vizuri, akisikia vizuri, na hata akiandika vizuri, ila hakuweza kuyasoma aliyoyaandika mwenyewe. Uharibifu ulikuwa upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya nyuma. Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walilipa jina eneo moja dogo upande huohuo, chini ya ubongo, ambalo kwa watu wanaojua kusoma hushughulika na sura za maneno yaliyoandikwa. Hakuna anayezaliwa na eneo lililokwisha kujua herufi. Hufundishwa kazi hiyo na shule. Hapo, Mzee, bidii unayoisema ina mahali pake pa kukaa.

Mtangazaji wa Kandokando ya Ziwa

Mimi husoma habari kwa Kiingereza katika redio, kwa hiyo shida yangu ni ile ya Mwalimu iliyopinduliwa. Yako maneno ya Kiingereza ambayo jicho haliwezi kuyatenganisha ilhali sikio huyatenganisha bila taabu. "Lead" iliyo madini ya risasi na "lead" iliyo kuongoza. "Tear" ya chozi na "tear" ya kurarua. "Wind" ya upepo na "wind" ya kuzungusha. Msomaji wa kimya huyapita bila kujua, lakini mimi kinywa changu kimewashwa na lazima kitoe kimoja. Ndiyo maana kila karatasi ninayopewa huipitia kwanza kwa penseli. Niliwahi kutangaza, kwa sauti nzito ya kutangazia misiba, kwamba polisi walikuwa wakifuata "led" badala ya "liid", na wasikilizaji wa Kisumu hawasamehe. Walinipigia simu kabla ya taarifa ya hali ya hewa.

Lakini nimeingia humu kwa jambo jingine ambalo Mwalimu amelipita. Imla husomwa na nani? Husomwa na mmoja wetu. Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimezoea irabu tano kama za Kiswahili, kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt", ambazo kwa Mwingereza wa London ni sauti nne, kwa wengi wetu ni "hat" moja tu. "Live" na "leave" ni pacha. Lugha yangu ya kwanza ni Dholuo, ambayo haina sauti ya "sh", na nilipokuwa mdogo "ship", "sheep", "sip" na "seep" zote zilipitia tundu moja la sindano. Pale Nakuru mwanafunzi ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi "l" na "r" husikia "pray" na "play" kama neno moja, na mwenzake wa dawati ambaye lugha yake haitenganishi "p" na "b" ana orodha yake mwenyewe. Tumejiongezea homofoni ambazo hazimo katika kamusi yoyote ya Kiingereza, kisha tunazisahihisha kwa kalamu nyekundu kana kwamba mtoto alisikia maneno mawili.

Msidhani Kiswahili kimesalimika. Mtu asiyetenganisha "th" na "s" ana thamani na samani. Asiyetenganisha "dh" na "z" ana dhana na zana. Na kalamu na karamu zimewachekesha walimu tangu shule zilipoanza.

Dholuo nacho kina kichekesho chake. Tunatamka irabu tisa lakini tunaandika tano, bila alama ya toni, kwa hiyo "kech" ya njaa na "kech" ya uchungu wa ladha zinakaa sawa kwenye karatasi. Hakuna Mjaluo aliyewahi kufa kwa kuchanganya hayo mawili. Muktadha humtosha msomaji, jambo linalonifanya nijiulize kama tahajia za Kiingereza zinasaidia kiasi hicho tunachodhani.

Mzee wa Section 58

Hilo la mwisho ndilo nililotaka kuliuliza. Ikiwa muktadha unatosha, kwa nini Waingereza wasiandike wanavyotamka, kama sisi, wakaondokana na "w" ya "whole" isiyo na kazi?

Mjukuu wa Webuye

Kabla Mwalimu hajamjibu Mzee, naomba niseme neno kuhusu wale ambao hawakuingia shule, kwa sababu tunazungumza kana kwamba sikio la mtu anayejua kusoma na la asiyejua ni sikio moja.

Bibi yangu hakusoma, lakini kwa vitendawili na mafumbo ya Lubukusu hakuna aliyemshinda kijijini. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilimfanyia jaribio la kitoto: nilimwomba aondoe sauti ya kwanza ya neno aniambie kinachobaki. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza ng'ombe akiondolewa kichwa hubaki nini. Nilicheka, kisha nikakuta kwamba José Morais na wenzake walichapisha mwaka 1979 utafiti uliofanywa Ureno, ambamo watu wazima wasiojua kusoma walishindwa na kazi hiyohiyo, ilhali wenzao wa mazingira yaleyale waliojifunza kusoma ukubwani waliiweza kwa kiasi kikubwa. Kumbe kulisikia neno kama mfuatano wa sauti zinazokatika mojamoja ni zawadi ya herufi.

Sasa liunganisheni hilo na jambo hili. Mwaka 1979, mwaka ambao unaonekana ulikuwa wa baraka kwa fani hii, Mark Seidenberg na Michael Tanenhaus waliwasikilizisha watu jozi za maneno na kuwauliza kama yana vina. "Pie" na "tie" zina kina kimoja. "Rye" na "tie" nazo zina kina kilekile. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote, na hakuna kilichoandikwa mbele yao. Hata hivyo walijibu kwa haraka zaidi kwa "pie" na "tie", ambazo tahajia zake zinafanana, kuliko kwa "rye" na "tie". Mwalimu ametuonyesha jicho linalokwenda kuliuliza sikio. Hapa ni sikio lililokwenda kuliuliza jicho bila kutumwa. Bibi yangu angezijibu jozi zote mbili kwa kasi moja, na sijui kama hiyo ni hasara.

Mwalimu wa Kondele

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na nitamjibu Mzee kwanza.

Waingereza waliandika walivyotamka, au karibu, wakati fulani. "K" ya "knight" ilikuwa ikisikika, na "meet" na "meat" zilikuwa na irabu mbili tofauti. William Caxton alileta mashine ya kupiga chapa Westminster mwaka 1476, na wapiga chapa wakaanza kuzigandisha tahajia wakati ambapo irabu ndefu za lugha yenyewe zilikuwa katikati ya kuhama. Sauti zikaendelea na safari, maandishi yakabaki kituoni. Kwa hiyo nyingi za homofoni hizi ni maneno yaliyokutana baadaye kwa sauti, huku kila moja likiendelea kuvaa nguo zake za zamani. "Whole" yenyewe ni mkorofi zaidi: katika Kiingereza cha kale haikuwa na "w", ni ndugu wa "heal" na "health", na "w" iliongezwa na waandishi karne ya 15. Nimewaambia wanafunzi wangu undugu huo na naona umewasaidia kuliko kuandika mara mia, kwa sababu sasa "whole" imefungwa kwenye maana wala si kwenye sauti pekee.

Je, herufi hizo hazina kazi? Kwa msomaji asiyechoka zina kazi. Ndugu Mtangazaji ana haki kwamba muktadha hutosha mara nyingi, lakini humtoza msomaji gharama. Duffy, Morris na Rayner walionyesha mwaka 1988 kwamba neno lenye maana mbili zenye nguvu sawa huyakawiza macho, iwapo sentensi iliyotangulia haijapendelea upande wowote. Tahajia mbili humwondolea msomaji gharama hiyo, na gharama hubebwa na mwandishi. Mwanafunzi wangu ndiye mwandishi.

Kuhusu lafudhi, Mtangazaji amenipiga mahali panapouma. Niliirudia imla yangu nikijirekodi kwa simu, na nikasikia kwamba "leave" yangu na "live" yangu ni neno moja kweli. Alama nilizowakata wanafunzi wanne kwa neno hilo nimezirudisha.

Yapo pia yaliyonipunguzia uhakika. Nilidhani angalau kinywani homofoni ni sawa kabisa, kisha nikakuta kazi ya Susanne Gahl ya mwaka 2008, aliyepima mazungumzo ya simu ya Wamarekani na kuona kwamba neno la kila siku kama "time" hutamkwa kwa muda mfupi kidogo kuliko pacha wake adimu "thyme", ambao ni mmea wa kiungo. Tofauti ni ya chembe za sekunde, na hakuna anayeikusudia. Hata hivyo ipo, kana kwamba kinywa kinajua kinachosema hata pale sikio lisipojua.

Ijumaa nilijaribu jambo moja darasani. Baada ya imla niliwataka wanafunzi wasome walichoandika kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, kimya, ili wimbo wa sentensi uvunjike na sauti ikose pa kujishikiza. Msichana yule aliikamata "piece" iliyokaa mahali pa "peace" mara tu alipoifikia. Wengine hawakuona kitu, na wawili walilalamika kwamba kichwa kinawauma. Sitaki kudai zaidi ya hapo.

Tangazo la wazazi nimelibandua na kuandika jingine. Safari hii nilimpa karani wa ofisi alisome kabla sijalibandika, akaniuliza kwa adabu kama "you're cooperation" ni Kiingereza kipya. Nilikuwa nimelipitia mara tatu.